Kiwanja mnacho, lakini msianze na ukuta

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa nyumbani hapa Tanga mjini. Mwaka mzima sasa tuko watu kumi na wawili wa mtaa mmoja, tunaokota mbwa na paka waliotupwa na kuwalisha kwa pesa zetu. Mzee mmoja ametupa kiwanja bure, karibu nusu eka, tujenge kituo. Tueleze, kituo kinawaokoaje wanyama na kuwatafutia nyumba mpya bila kufilisika? Na jamii itatusaidiaje wakati majirani wengi ni Waislamu kama mimi, na mbwa kwetu ni najisi? Halafu kuna jike amezaa chini ya meza ya mama anayekaanga mihogo sokoni. Watoto ni wanne, mmoja mweusi anachechemea. Tuwachukue?

Jibu: Marahaba dada yangu, na poleni na kazi.

Nianze na kiwanja, maana naona ndicho kilichowapa moyo. Mshukuruni mzee, mwandikishane mbele ya mwenyekiti wa mtaa ili kesho warithi wasije na maneno, kisha kiacheni kiote majani. Mwaka huu msinunue hata tofali moja.

Najua umekunja uso. Hebu tulitazame neno lenyewe. Kituo ni mahali pa kutua. Daladala inatua, watu wanashuka, wengine wanapanda, inaondoka. Ukimkuta mtu kalala kituoni alfajiri, ujue gari limemwacha. Kituo cha wanyama ni hivyo hivyo. Ukikipima kwa wingi wa mbwa waliomo ndani umekipima kichwa chini miguu juu. Kipime kwa waliotoka: wametoka kwenda kwa nani, na baada ya miezi sita wako huko au wamerudi barabarani? Vituo nilivyoviona vikifa havikufa kwa kukosa huruma. Vilikuwa na mlango mpana wa kuingilia, na wa kutokea hakuna aliyeukumbuka.

Piga hesabu ya sufuria. Mbwa wetu wa kienyeji wa kilo kumi na tano anakula walau nusu kilo ya chakula kilichopikwa kwa siku, na akiwa amekonda au ananyonyesha anataka zaidi. Mbwa ishirini ni kilo 10 kila siku, kilo 300 kwa mwezi. Hapo hujanunua mkaa, hujanunua dawa ya minyoo, hujamlipa kijana wa kufagia mabanda. Mwezi wa kwanza watu watachanga kwa furaha. Mwezi wa saba utabaki wewe na mumeo, na mumeo ataanza kuuliza maswali.

Kituo cha kwanza nilichofanyia kazi, nikiwa bado kijana na cheti hakijakauka wino, kilianza na ukuta. Ukuta mzuri, geti la chuma, bango lenye picha ya mbwa anayetabasamu. Haikupita wiki mbili watu wakaanza kufunga mbwa getini usiku na kuondoka. Bango lile lilikuwa limewaambia mji mzima: tupeni hapa. Asubuhi moja mlinzi akakuta kiroba cha unga kinatikisika. Ndani mna watoto wa mbwa sita, wa wiki saba hivi, wamelowa mkojo, wanalia. Kwa kuwa walikuwa wanalia tukawaweka na wenzao wa banda la pili wapate joto. Siku ya nne mmoja akaanza kuharisha damu. Harufu ile ya parvo, ugonjwa wa virusi wa mbwa, ukishaisikia mara moja huisahau. Mpaka siku ya kumi tulikuwa tumefukia kumi na mmoja: sita wa kiroba na watano wetu waliokuwa wazima wakisubiri wenyewe waje kuwachukua. Virusi vya parvo hukaa kwenye udongo miezi mingi, hata mwaka, na maji ya sabuni peke yake hayaviui. Banda lile lilifungwa. Mpaka leo kitu cha kwanza ninachouliza nikitembelea kituo ni mnyama aliyeingia leo analala wapi, na kama hapana chumba chake peke yake, mbali na wengine, kwa wiki mbili, naona hapo pana machinjio yanayosubiri siku.

Sasa uokoaji wenyewe. Watu hudhani kuokoa ni kukimbiza mbwa kwa wavu. Kwa kweli robo tatu ya kazi ni kuuliza. Mtu akipiga simu kwamba kuna mbwa barabara ya nane, anayeshika simu aulize matatu: anaweza kusimama? Amemuuma mtu? Na nani hapo anamjua? Hilo la tatu ndilo watu hulisahau. Mbwa wengi wanaozurura Tanzania wana wenyewe. Wanafunguliwa usiku wakatafute, asubuhi wanarudi kulala mlangoni. Ukimbeba huyo umemwibia mtu mbwa, na umejipatia adui mtaani kwa hisani yako mwenyewe. Basi kabla ya kamba, kwanza mjumbe, kwanza muuza duka wa kona, kwanza watoto. Watoto wanawajua mbwa wote wa mtaa kwa majina, na watakwambia huyu Simba ni wa kwa mzee fulani, yule hana mtu tangu wapangaji wale wahame.

Paka ni kesi nyingine. Ukikuta vitoto vya paka peke yao kwenye boksi au chini ya mabati, usivikimbilie. Mama yuko dagaani. Kaa mbali, ngoja saa kadhaa, tazama kama matumbo yao yamejaa na kama wamelala kimya. Kitoto kilichoshiba hakipigi kelele. Vingi "tulivyoviokoa" miaka ile tuliviibia mama, kisha tukavinywesha maziwa ya ng'ombe kwa sindano, vikaharisha, vikafa, tukasikitika sana kwa kosa letu wenyewe.

Na la kuumwa sitalipita haraka. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu hakina tiba, na duniani kinakadiriwa kuua watu 59,000 kwa mwaka, karibu wote kwa mbwa. Kati ya wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa, watu 40 katika kila 100 ni watoto walio chini ya miaka 15. Kwa hiyo kabla kikundi chenu hakijaokoa mbwa mwingine hata mmoja, wale watakaoshika wanyama kwa mikono yao wakachanjwe wao wenyewe: sindano mbili, ya leo na ya siku ya saba. Ikitokea mtu ameumwa, hata kama amechanjwa, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili kwa kutazama saa (si kwa kukisia), kisha hospitali siku hiyo hiyo. Kahawa, majivu, vitunguu saumu, mafuta ya taa, hivyo acheni vikae jikoni. Mbwa mwenyewe, kama mnaweza kumfunga kwa usalama, asiuawe. Mfungeni siku 10 na kumtazama. Akizifikisha akiwa mzima, mate yake siku ile hayakuwa na virusi.

Na ile karantini ya wiki mbili niliyoisema ni ya parvo na ndugu zake. Kichaa huweza kujificha mwilini miezi miwili, mitatu, wakati mwingine zaidi. Ng'ambo yenu hapo tu, Pemba, wamelisomea jambo hili kwa vitendo. Walichanja mbwa raundi baada ya raundi hadi ugonjwa ukakatika 2014. Mwaka 2016 ukaonekana tena, virusi vimeingizwa upya kutoka nje ya kisiwa. Ikabidi chanjo ianze tena hadi ulipokatika 2018. Kwa hiyo mtu akija kwenu na kitoto cha mbwa alichokitoa mahali kwa boti au kwa basi, hata kama kinachezacheza vizuri, andikeni kimetoka wapi, lini, na kwa nani. Daftari hilo ni muhimu kuliko banda.

Sasa wanyama wakae wapi kama hakuna ukuta? Wakae kwenu. Mko kumi na wawili. Tuseme sita wana uwani na waume au wake wasiolalamika sana. Kila mmoja achukue mnyama mmoja, mmoja tu, kwa wiki sita. Huyo tunamwita mlezi wa muda. Mnyama aliyelala uwani kwa mtu, akasikia redio, akaona watoto wakitoka shule, akajifunza kwamba kuku si chakula, ni rahisi mara kumi kumpatia nyumba kuliko yule aliyekaa bandani na wenzake ishirini wakibweka kutwa. Na mlezi anaweza kumweleza anayekuja kumchukua: huyu anaogopa pikipiki, huyu anapenda ugali wa dona kuliko wa sembe, huyu usimshike mkia. Mwenye banda la mbwa ishirini hawezi kukwambia hayo.

Mlezi wa vitoto vya paka visivyo na mama ndiye mwenye kazi ngumu kuliko wote, mpeni mtu asiyelala sana. Vikiwa chini ya wiki tatu vinanyonyeshwa kila baada ya saa mbili tatu, usiku na mchana, maziwa maalumu ya vitoto, tumbo likiwa chini kama wanavyonyonya kwa mama yao. Usivilaze chali kama mtoto wa binadamu, maziwa yataingia mapafuni. Baada ya kila kunyonya, chukua kitambaa chenye maji ya uvuguvugu upanguse taratibu chini ya mkia, maana havijui kukojoa vyenyewe, mama ndiye huwalamba. Na jamani, panadol usimpe paka. Nusu kidonge kinaua. Dawa ya kuogeshea ng'ombe nayo, inayomsaidia mbwa wa jirani kwa kupe, paka akijilamba nayo anaanza kutetemeka na hafiki jioni.

Nije kwenye najisi. Umeuliza kwa haya, lakini ndilo swali zuri kuliko yote katika barua yako. Mimi nimezaliwa Pangani, najua. Kwa Shafii wengi wa pwani mate ya mbwa ni najisi nzito, chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Hilo msibishane nalo na mtu, na msimlete daktari wa mifugo kumfundisha sheikh fiqhi. Hakuna mahali imeandikwa kwamba kusaidia lazima ushike. Wote tumesomeshwa chuoni kisa cha yule aliyeshuka kisimani, akajaza maji kiatu chake, akamnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, na Mungu akamsamehe. Na kile cha mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia bila chakula. Watu wanavijua visa hivi kuliko mimi. Kazi yenu ni kupanga shughuli ili mtu achangie bila kuvunja udhu wake. Bi mkubwa anayesali swala tano anaweza kuwa mlezi wa paka, au mpishi wa sufuria ya uji wa dagaa, au mshika daftari. Wa kushika mbwa wawe wale wasio na tatizo nalo, na wawe na nguo zao za kazi zinazofuliwa mbali. Banda la mbwa liwe nyuma ya nyumba, upepo wake usielekee kibarazani wanapokaa wazee. Nimeona mitaa inayokataa kabisa neno mbwa ikileta mifupa, magunia na hata mkokoteni, kwa sababu tu hakuna aliyelazimishwa kuingia getini.

Msiombe pesa kwanza. Mtu akikupa elfu mbili ameshamaliza, akikupa kazi ya mikono yake anarudi kutazama imekwendaje. Bucha ina mapafu na makongoro yasiyonunuliwa. Wachinja kuku wana utumbo, wauza samaki wenu wana vichwa. Pikeni vyote vichemke sawasawa, na mifupa ya kuku iliyopikwa itoeni, hupasuka vipande kama sindano. Fundi cherehani ana vitambaa vya kushonea mikanda ya shingo. Fundi wa kuchomelea atawatengenezea kizimba kimoja kwa vyuma vilivyobaki, na mkiandika namba yake juu ya kizimba atatengeneza cha pili. Vijana wa bodaboda ndio gari lenu la wagonjwa. Mtungi wa kwanza wa mafuta mtakaoununua uwe wao. Na Tanga mna katani! Kamba nzuri ya katani ya kumwongozea mbwa ni bora kuliko mnyororo, haimkati shingo.

Pesa nazo zitakuja, na hapo ndipo vikundi vinapovunjika. Msizikusanye kwenye simu ya mtu mmoja, hata awe mcha Mungu namna gani. Fanyeni kama vikoba: watu watatu, daftari moja, na kila Ijumaa au Jumapili karatasi inabandikwa ukutani kwa muuza duka: tumepokea hiki, tumetumia hiki, mbwa fulani kaenda kwa fulani. Jisajilini kwa afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri. Mwoneni na afisa mifugo wa kata mapema, maana ndiye atakayeulizwa jambo likiharibika. Tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008, inatambua kwamba mnyama anahisi maumivu na inakataza ukatili, lakini ofisi nyingi haziikumbuki mpaka raia aje nayo mkononi kwa adabu.

Afisa mifugo huyo huyo ndiye anayeletewa malalamiko kuhusu mbwa wazururaji, na jibu la haraka analolijua ni sumu au risasi. Msimlaumu, mleteeni jibu jingine. Ukiua mbwa wa mtaa umewaua pia waliochanjwa, na jalala likiendelea kutoa chakula mbwa wapya wanahamia ndani ya miezi michache, hawajachanjwa hata mmoja. Ukichanja mbwa 70 katika kila 100, kichaa kinakosa njia ya kupita. Septemba 28 ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Ombeni chanjo ije mtaani kwenu karibu na siku hiyo, nyinyi mlete watu. Mtaona watoto wakija na mbwa kwa kamba, kwa mikanda ya suruali, kwa kipande cha kanga ya mama. Mwaka mmoja kijana wa miaka tisa alinijia amembeba mbwa mabegani kama mbuzi wa Idi, kwa sababu hakuwa na kamba.

Kwenye kuwatafutia nyumba, naomba unisikilize kwa utulivu, maana hapa huruma hufanya makosa mengi.

Msitoe mnyama mkubwa ambaye hajafungwa kizazi au kuhasiwa. Paka jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne tu, mbwa jike huingia joto karibu kila miezi sita. Ukitoa jike mmoja asiyefungwa kizazi leo, mwakani utaokota wajukuu zake. Walio wadogo watolewe kwa maandishi kwamba watarudishwa wakifika umri, na mtu wenu awafuate, asingoje waletwe.

Anayekuja kuomba mnyama msimpime kwa mali. Nimewahi kumpa mbwa mlinzi wa nyumba ya kupanga na akatunzwa kama mwana, nikampa mwenye nyumba ya ghorofa nikamkuta amefungwa mnyororo wa mita moja juani. Maswali marefu ya fomu sikatai, ila kuna swali moja linalonitosha: mbwa wako wa mwisho yuko wapi? Mtu akisema yuko, kazeeka, hana meno, tunampikia uji, huyo mpe hata wawili. Akisema aligongwa, na wa kabla yake aligongwa, na wa kabla yake alipotea, basi ana barabara, hana uzio. Muulize pia kama mwenye nyumba amekubali, maana mpangaji akitiwa maneno usiku mmoja mbwa anarudi asubuhi. Kisha mwende kwake. Mimi nikifika huwa natazama maji ya kuku. Chombo cha kuku kikiwa safi na kimejaa, mbwa hatapata shida hapo.

Wengi watakuja wakitaka "mbwa mkali". Watawauliza kama mna Jamani, yaani mbwa wa aina ya German Shepherd. Wengine watawaambia wanajua kumfanya awe mkali: pilipili kwenye chakula, kumkata masikio kwa wembe, kumfungia gizani. Hao wakatalieni hapo hapo, kwa upole, chai mkiwa mmewapa. Lakini wenye nia nzuri waelezeni kwamba mbwa halindi kwa sababu ana hasira, analinda kwa sababu hapo ni kwake na hao ni watu wake. Koko aliyekula kwenu miezi mitatu atabweka usiku kuliko mgeni wa bei ghali.

Kila anayechukua aambiwe: ukishindwa, mrudishe kwetu, hatutakusema. Na msimseme kweli. Anayeogopa kusemwa ndiye anayeacha kiroba getini. Pigeni simu siku ya tatu, wiki ya tatu, mwezi wa sita. Siku ya tatu watu hulalamika mbwa hali, wiki ya tatu hulalamika anakula sana.

Picha za kutangaza wanyama: vidonda msionyeshe. Vinaleta machozi na "poleni jamani", havileti mtu wa kumchukua. Tulikuwa na paka shume wa jicho moja. Miezi minne tulimtangaza kwa picha ile ya siku aliyookotwa, jicho linavuja, hakuna aliyepiga. Siku moja mlezi wake akampiga picha amekaa juu ya gunia la mchele, panya mdomoni, na uso wa mwenye duka. Jioni hiyo walipiga watu watatu, wote wauza nafaka. Sasa ana stoo yake na mshahara wa dagaa.

Wapo ambao hawatapata nyumba, na si lazima wapate. Paka wa sokoni aliyezaliwa sokoni hataki sebule yako. Huyo anakamatwa, anafungwa kizazi, anachanjwa, anakatwa kincha cha sikio akiwa bado usingizini ili ajulikane kwa mbali, kisha anarudishwa pale pale. Na wapo ambao hawataishi. Mbwa aliyevunjwa uti wa mgongo na lori hahitaji nyumba. Daktari wa mifugo atamlaza kwa sindano ya usingizi iliyozidi, hasikii kitu. Kubalianeni mapema ni watu gani wawili kati yenu watakaoamua na daktari, ili siku hiyo msigombane mbele ya mnyama.

Kisha kuna kazi ambayo haionekani kama uokoaji kabisa, nami ndiyo ninayoiheshimu zaidi: kumsaidia mtu asimtupe mnyama wake. Lamu, tangu 1987, pana zahanati ya punda inayotibu bure. Haikuanza kwa kuwanyang'anya watu punda waliochubuka migongo. Iliwatibu, ikawarudisha kwa wenyewe, ikawa na mashindano ya kila mwaka ya punda aliyetunzwa vizuri, na mwenye punda akishinda anatembea kifua mbele mji mzima. Hata Nairobi, KSPCA, chama cha Kenya cha kuzuia ukatili kwa wanyama, ambacho mizizi yake ni ya 1910 na kina mabanda yake, hupeleka madaktari mitaani kuhasi na kuchanja. Wanajua kwamba mbwa aliyetibiwa kwao ni mbwa mmoja pungufu getini. Mama anayekuja kusema "nichukulieni huyu, ana uvimbe sehemu za siri ananuka" hakuchoka na mbwa, amechoka na harufu. Uvimbe ule mbwa huambukizana wakipandana, na mara nyingi hutoweka kwa sindano za vinkristini (dawa ya saratani) mara moja kwa wiki, wiki nne hadi sita. Mtafutieni sindano, mbwa abaki kwake.

Ndiyo maana, nikirudi kwa yule jike wa chini ya meza ya mihogo, jibu langu ni hapana, msiwachukue. Ana mtu. Mama anayekaanga hajamfukuza mpaka leo, na sina shaka anamtupia makombo. Nendeni kwake kwanza, mnunue mihogo, mkae, mzungumze. Muulizeni anamwitaje. Hatari iliyopo hapo ni mafuta na jiko: vitoto vikishaweza kutembea huelekea kwenye joto. Pelekeni boksi la mbao, liwekwe nyuma ya meza upande wa ukutani, na gunia ndani. Mama mbwa apewe chakula mara mbili ya kawaida maadamu ananyonyesha, achanjwe kichaa pale pale alipo. Watoto dawa ya minyoo waanze wakiwa na wiki mbili, warudiwe kila wiki mbili. Wasiachanishwe na mama kabla ya wiki nane, hata wakipata watu kesho, na wakishaachishwa, maziwa yakikauka, mama afungwe kizazi arudi chini ya meza yake. Muda huo mnao wa kutafuta nyumba nne kwa utaratibu niliowaeleza.

Yule mweusi anayechechemea ndiye hangoji. Huenda ni mwiba, huenda amekanyagwa na mfupa umevunjika, na mfupa wa umri huo huunga haraka hata ukiwa umepinda. Mpelekeni kwa daktari wa mifugo kesho asubuhi kabla soko halijajaa. Mgeni asimwinue. Mmoja wenu ampe mama mbwa utumbo upande ule wa meza, na mama wa mihogo, anayejulikana harufu yake, ndiye amwinue mtoto na kumweka kwenye beseni lenye kitambaa. Mama mbwa akitaka kufuata beseni, mwacheni afuate.